Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya: mtoto apewe dawa ya mtoto, na chupa ije na kipimo chake

Waheshimiwa wa Wizara ya Afya, Mfamasia Mkuu wa Serikali, ndugu zetu wa Bohari ya Dawa, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na Baraza la Famasi, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Mi ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa tisa huu nasimama kwenye kaunta, na nilichonacho moyoni ni kitu kimoja tu ila kitachukua maneno mengi, mnivumilie. Kila siku tunaongelea dawa zipo au hazipo, zimefika hazijafika, makopo mangapi, na ni haki tuongelee, lakini ni nadra kusikia mtu anauliza imefika dawa ya namna gani, ni kidonge, ni maji, ni unga au ni sindano, na huyo anayepelekewa ataimezaje. Mtu mzima atajikaza atameza chochote. Mtoto wa kilo nane hawezi, kwake yeye namna dawa ilivyotengenezwa ndo inaamua dozi imeingia au imeishia kwenye khanga ya mama.

Nianze na nililoliona kwa macho yangu. Masika iliyopita alikuja mama mmoja na mtoto mgongoni, miezi kumi na moja, mkononi kashika chupa ya amoksilini, ile ya unga ambayo lazima uweke maji kwanza. Akaniambia dada dawa inakaribia kuisha na mtoto ndo kwanza anatapika na kuharisha, niongezee nyingine. Nikaipokea nikaitikisa, haina mlio wa maji. Nikafungua. Ndani unga mkavu, umebaki kama robo ya ule uliokuwemo, unanukia yale matunda matunda. Nikamuuliza mama umekuwa unampaje? Akanijibu bila wasiwasi kabisa, kama nilivyoambiwa dada, kijiko kimoja mara tatu, nachota unga naweka kwenye kijiko, nadondoshea maji, nakoroga na kidole nampa.

Nikapiga hesabu palepale kwenye kaunta. Chupa ile ikichanganywa inatoa mililita (mil) 100, kila mil 5 ina mg 125, kwa hiyo chupa nzima ina mg 2,500. Robo tatu imeshaliwa, ni mg 1,875, na alianza jana yake asubuhi, kampa mara tano. Yaani kila mara mtoto alikuwa anakula kama mg 375 wakati aliandikiwa 125. Mara tatu ya dozi! Na tumshukuru Mungu ilikuwa amoksilini ambayo mwili unaivumilia kidogo, ingekuwa dawa nyingine tungeongea mengine. Nikampa ORS na zinki nikamwambia arudi kituoni mara moja mtoto aangaliwe, akarudi, akaangaliwa, akabadilishiwa vile vidonge vya kuyeyusha.

Sasa kosa ni la nani? Sitaki kumlaumu yule mama hata kidogo. Alipopewa chupa aliambiwa ukifika nyumbani weka maji mpaka kwenye mshale. Mimi nimesoma kazi hii na nilihangaika kuuona huo mshale, upo kwenye karatasi ya chupa, mdogo, rangi inafanana na karatasi yenyewe, na maelezo yote Kiingereza. Kituo alichotoka sikitaji na wala sio kituo kimoja, mtu yuko peke yake dirishani, foleni imetoka nje, ataeleza saa ngapi. Ila chupa ingechanganywa palepale dirishani kwa maji safi, ikatikiswa, akapewa ikiwa tayari ni dawa ya maji, hayo yote yasingetokea. Ni kazi ya dakika mbili.

Jioni ile nilivyofika nyumbani roho haikutulia, nikachukua vijiko vyangu vya chai vitatu nikavipima na bomba la mil 5. Kimoja kilijaa kwa mil 3, kingine mil 4 na kidogo, cha tatu kile kirefu cha zawadi ya harusi kikaingia mil 7. Nyumba moja, kabati moja. Na sisi kila siku tunaandika kwenye karatasi "kijiko 1 x 3" tunaona tumemaliza kazi. Kijiko cha chai kinachosemwa kwenye dawa ni mil 5, hilo tunalijua sisi, mama hajui na hana sababu ya kujua.

Waheshimiwa, hili mnalijua kuliko mimi, nalileta kwa sababu mwenye uwezo wa kulibadilisha ni nyie. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya dawa zinazolingana na watoto Desemba 2007, na mwaka huohuo likatoa kwa mara ya kwanza orodha ya dawa muhimu za watoto peke yao. Mwaka uliofuata wataalamu wake wakakaa wakakubaliana kwamba kwa nchi kama zetu zinazofaa zaidi ni dawa kavu zinazoyeyuka, sio sirapu. Sababu ukizisikia ni za huku kwetu kabisa, kidonge hakihitaji friji, hakivunjiki kama chupa, hakijazi gari, dozi yake imeshapimwa kiwandani, mama anahitaji kijiko na maji kidogo safi basi, au maziwa yake mwenyewe anayakamua. Ukikitia kwenye maji kinalegea chenyewe kinasambaratika, hata dakika tatu haziishi.

Na sio habari za Ulaya. Dawa mseto ya kuyeyusha, ile ya watoto wa malaria, ilivyojaribiwa ilijaribiwa kwa watoto 899 wa Tanzania bara na Zanzibar, Kenya, Mali, Msumbiji na Benin, na ripoti yake ya 2008 aliyeongoza kuiandika ni Dk Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara, mtu wa hapahapa. 2009 ikaanza kutoka. Nataka niseme ukweli wote, kwenye utafiti ule vile vidonge vya kawaida vikisagwa navyo viliponya karibu sawasawa. Lakini walikuwa wanasagiwa na kusimamiwa kwenye utafiti, watu wamefundishwa na wanaandika kila kitu. Huku mtaani kidonge kinasagwa katikati ya vijiko viwili, nusu inaruka, kinachobaki kichungu, mtoto anabana meno, anazibwa pua ili ameze. Jamani mama zangu na dada zangu mnaosoma hii barua, kumziba mtoto pua wakati unamnywesha dawa kunaweza kupeleka dawa kwenye mapafu, mtoto akipaliwa vibaya anaweza kufa mikononi mwako. Mlegezee, mkalishe kichwa juu, muingizie kidogo kidogo pembeni ya shavu. Na hiyo dawa mseto apewe akiwa amenyonya au amekula kitu chenye mafuta kidogo, maana lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake, bila mafuta haiingii vizuri mwilini, na akitapika ndani ya saa moja dozi inarudiwa.

Tumeona inawezekana pia kwenye magonjwa mengine. Watoto wa kifua kikuu miaka yote walikuwa wanakatiwa vidonge vya watu wazima vipande vipande, ndo Desemba 2015 ikatoka dawa iliyopimwa kwa ajili yao, inayeyuka na ina ladha ya matunda, na majirani zetu Kenya wakawa wa kwanza kuisambaza nchi nzima mwaka 2016. Kwa watoto wanaoishi na VVU kulikuwa na ile lopinavir ya maji, chungu ajabu, ndani yake pombe asilimia 42, na inataka friji. Fikirieni bibi wa kijijini asiye na umeme analea mjukuu, anapewa chupa ya kuweka kwenye friji. Leo kuna dolutegravir ya mg 10 ya kuyeyusha, ina ladha ya stroberi, na ilipotoka mwishoni mwa 2020 bei ya mtoto mmoja ilishushwa ikawa chini ya dola 40 kwa mwaka mzima. Watu walikaa wakadai, wakajadiliana na viwanda, ikashuka. Naomba moyo huohuo uende kwenye nimonia na kuharisha na pumu na minyoo, magonjwa ambayo hayana wafadhili wengi wa kuyasemea lakini ndo yanayojaza mabenchi ya zahanati.

Kwenye nimonia hasa naomba mnisikilize. Amoksilini ya kuyeyusha ya mg 250 ndo iliyopendekezwa kwa homa ya mapafu ya watoto chini ya miaka mitano, wa miezi 2 hadi 11 kidonge kimoja asubuhi kimoja jioni, wa mwaka mmoja hadi mitano viwili asubuhi viwili jioni. Hesabu rahisi namna hiyo hata bibi asiyejua kusoma anaikariri. Lakini huku nilipo naona msimu vipo, msimu havipo, vikiisha zahanati wanatoa sirapu, sirapu ikiisha mama anaandikiwa kapsuli za mtu mzima aende dukani, na anakuja kwangu anauliza dada nusu kapsuli naigawaje. Nimeshaona kapsuli inafunguliwa unga unamwagwa kwenye karatasi ya daftari unagawanywa kwa wembe. Sio kwamba watu wajinga, ni kwamba hawana kingine.

Pumu nayo. Watoto wengi wanapewa salbutamo ya maji kwa mdomo. Hebu tuiangalie, mil 5 ya ile sirapu ina mg 2, ni mikrogramu 2,000. Mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Kwa hiyo kile kijiko ni sawa na mipulizo 20, na chote kinazunguka tumboni na kwenye damu kabla hakijafika kwenye kifua, ndo maana mtoto anatetemeka mikono na moyo unamwenda mbio halafu bado anakoroma. Dawa ile ile ikipita njia ya pumzi inafika penyewe kwa dozi ndogo na kwa haraka. Mtatuambia mtoto mdogo hawezi kuvuta pampu, ni kweli hawezi peke yake, lakini Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha tangu 1999 kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ukitoboa kitakoni tundu la kubana mdomo wa pampu, inafanya kazi vizuri kwa mtoto aliyebanwa na pumu. Chupa ya maji ya kunywa! Ila pampu lazima iwepo, na iwe kwa bei ambayo mzazi akiuza kuku wawili ataipata.

Sasa sindano. Huku kwetu ukimpa mgonjwa vidonge anakuangalia kama umemdharau, anataka sindano, na mtoa huduma anayetaka kuonekana anajali anachoma. Sindano ina kazi yake nami sibishi, malaria kali haisubiri kidonge. Ule utafiti mkubwa wa 2010 wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika na sisi tukiwemo, waliochomwa artesuneti walikufa asilimia 8.5, waliopewa kwinini 10.9, na hapo ndo kwinini ikaanza kuachwa kwa malaria kali ya watoto wa Afrika. Lakini mtoto anayenyonya, anayemeza, hatapiki kila kitu, kumchoma takoni ni kumtafutia matatizo bure. Mashariki mwa Uganda, kwenye wilaya inayoitwa Kumi, walikuta watoto wengi misuli ya matako imekakamaa hawawezi hata kuchuchumaa, na sindano za kwinini za takoni ndo zilizotajwa. Mtaani kwetu kuna kijana sasa ni mtu mzima anaburuta mguu wa kushoto tangu ana miaka mitatu, mama yake anasema alienda kuchomwa anatembea akarudi amebebwa. Mshipa wa fahamu unapita hapohapo takoni, na kwa mtoto mwembamba hakuna nyama ya kuukinga. Na kwa yule mtoto wa chini ya miaka sita aliyezidiwa malaria mbali na hospitali kuna artesuneti ya mg 100 ya kuweka njia ya haja kubwa, anawekewa kisha anakimbizwa hospitali, narudia anakimbizwa, sio anawekewa halafu analazwa nyumbani eti katulia.

Kuna jambo dogo linanikosesha usingizi na ni la chupa tu. Ile kloheksidini ya asilimia 7.1 ya kupaka kitovu cha kichanga ni dawa nzuri sana, lakini kwa sababu kuna ilikotolewa kwenye vichupa vinavyofanana na vya matone ya macho, watu waliitia machoni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa tahadhari, nchi tisa za Afrika, zaidi ya watu arobaini wameumia macho vibaya na wengine wamepofuka. Dawa haikuwa mbovu. Chupa ndo ilisema uongo. Kwa hiyo TMDA mnapoipitisha dawa naomba mtoe nafasi ya kumkabidhi hiyo chupa mama wa kawaida asiyeambiwa kitu, mumuangalie ataifanyia nini. Na sirapu mzidi kuzikagua kwa ukali mlionao, watoto karibu 70 wa Gambia waliokufa figo mwaka 2022 walikunywa dawa za kikohozi zilizokutwa na dayethilini glaikoli, sumu ile ile iliyoua zaidi ya watu mia Marekani mwaka 1937. Kwenye kidonge kikavu hakuna kimiminika cha kuchakachuliwa namna hiyo, na hiyo nayo ni sababu ya kukipenda.

Ninachoomba sio kikubwa. Bohari ya Dawa mnapopanga manunuzi ya dawa za watoto, kwa kila dawa ambayo ya kuyeyusha ipo, hiyo ndo ianze kununuliwa na sirapu ifuate nyuma, na ikikosekana tuambiwe mapema tujue tunafanyaje. Pale ambapo sirapu haikwepeki, chupa isitoke dirishani bila kuchanganywa na bila bomba la kupimia, na nikisema bomba nasema yale ya mdomo ambayo mdomo wake sindano haiingii, maana sisi tunatumia mabomba ya kawaida tumetoa sindano, najua sio sahihi na siku moja mtu anaweza kujichanganya akachoma sirapu kwenye mshipa. Maelezo yawe Kiswahili na picha, jua na mwezi na mstari wa maji uliokolea. Baraza la Famasi kwenye mafunzo yetu ya maduka ya dawa muhimu, mpango huu ulioanzia Ruvuma 2003 na ukatufikia wote, ongezeni siku moja tu ya dawa gani haisagwi na haikatwi. Kuna mzee alisagiwa nifedipini, dawa ya presha, ile ya kutoka taratibu, kwa sababu hawezi kumeza, dawa ya kutoka kidogo kidogo kwa muda wa masaa kumi na mawili ikaingia kwa mkupuo, presha ikaporomoka akadondoka msalani. Aliyemsagia ni binti yake aliyekuwa anamhurumia.

Na kuna hii mpya. Mwaka jana 2025 mwezi wa saba Uswisi wamepitisha dawa mseto ya vichanga, wale wa chini ya kilo nne na nusu ambao hawakuwahi kuwa na dawa yao ya malaria, inayeyuka hata kwenye maziwa ya mama, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi nane za Afrika zilizoshiriki kuipitia. Tumeshiriki kuipitia, basi tusiwe wa mwisho kuipokea. Vichanga wa zahanati zetu bado wanakatiwa kidonge cha wakubwa zao.

Yule mtoto wa masika ametimiza mwaka na miezi, anatembea. Mama yake akipita ananionyesha lile bomba nililompa, kalifunga kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki, anasema hata jirani zake huja kuliazima. Baada ya siku ile nilinunua maboksi mawili kwa hela yangu, kila anayechukua dawa ya maji ya mtoto nampa moja na namuonyesha mstari wake kwa kalamu. Leo nimehesabu yamebaki kumi na nne. Naomba mnijibu.

Wenu,
Mtoa dawa, Kanda ya Ziwa